Kodi ya Mtu Asiyepanda Ndege

Kwa miaka kumi na moja nilikata tiketi za ndege katika ofisi ndogo ya usafiri jijini Nairobi, na hadi leo mimi mwenyewe sijapanda ndege hata siku moja. Watu walicheka nikiwaambia. Nilijua uzito wa mizigo unaoruhusiwa kwenda Bombay, nilijua mtu akae saa ngapi Dubai kabla ya kuunganisha safari, na nilijua vile visanduku vidogo vya kodi kwenye tiketi, kila nchi na herufi zake. Jioni nilirudi Kitengela, nikavua viatu vya ofisi kando ya barabara na kuvaa gambuti, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wetu mweusi ulikuwa unakunyang'anya kiatu pamoja na soksi.

Kitengela ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa nyasi, waya na watu wenye haraka. Kila mtu aliyechoka kupanga chumba alikuja kutafuta kiwanja. Mimi na mama yangu, mjane wa kutoka Machakos, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Rongai, jiko na kitanda vikitazamana, na mama alikuwa na kifua kinachombana kila moshi wa jirani ulipoingia. Nilimwahidi nyumba yenye madirisha mawili. Sikumwahidi kitu kingine maishani mwangu kwa uzito ule.

Robo ekari niliipata kwa mzee mmoja Mmaasai ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mke wake ndiye aliyetuunganisha. Alikuwa akituletea maziwa siku tulizokuja kutafuta kiwanja, tukijihifadhi kwenye kibanda cha mabati cha rafiki yangu hapo karibu, na yeye na mama walizoeana upesi, mmoja akizungumza Kiswahili cha Kimaasai na mwingine Kiswahili cha Kikamba, wakielewana kuliko mimi nilivyoelewana na mtu yeyote ofisini. Mwaka ule wa ukame ng'ombe walikuwa wamekonda hata mnunuzi akiwaona anageuza gari. Na yule mama wa maziwa alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alisema apelekwe India afanyiwe upasuaji. Mzee hakuwa na ng'ombe wa kuuza, akauza ardhi, na mnunuzi wa kwanza nikawa mimi.

Tuliandikiana mkataba kwa chifu. Mashahidi walitia sahihi, mzee akabonyeza kidole gumba, tukanywa soda. Sasa, watu wa Kitengela wa miaka ile tulikuwa na kosa letu moja, na nililifanya nikijua ni kosa: tulijenga kwanza, idhini tukaitafuta baadaye. Ile bado ilikuwa ardhi ya kilimo na malisho. Kabla haijawa yako kwa sheria, lazima ufike mbele ya bodi ya ardhi kule Kajiado, na muuzaji aje na mke na watoto wake wakubwa, waulizwe mmoja mmoja kama wamekubali. Miezi sita ikipita bila idhini, mauzo ni batili. Unarudishiwa pesa zako, na nyumba uliyojenga utajua mwenyewe pa kuipeleka. Lakini nani angengoja bodi na mawe yako bei nzuri? Nilijenga. Mwezi wa tatu tangu mkataba mama alikuwa ndani, madirisha yake mawili yakitazama vilima vya Ngong.

Mzee alinifuata ofisini na pesa za tiketi. Zilikuwa pesa zangu. Noti nyingine bado zilikuwa na mpira niliozifunga nao. Alitaka tiketi mbili, ya mke wake na ya binti yake aliyemaliza shule ambaye angemsindikiza. Nikamtafutia bei ya chini kabisa, nikasaka siku nzima, nikajiona mtu mwema sana. Nilimweleza kwamba tiketi ya bei hiyo hairudishwi. Alisema hawa watu wanaenda, hawarudishi kitu.

Yule mama alifariki siku tano kabla ya safari, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameketi juani. Mama yangu alikuwa amekwenda kumwona na uji. Alirudi na chupa ya uji bado imejaa, akaiweka mezani, akakaa kitako sakafuni na viatu vyake.

Wiki mbili baada ya maziko, mzee alisimama tena mbele ya dirisha langu la kazi. Alikuwa amezifunga tiketi zote mbili ndani ya mfuko wa plastiki.

"Sopa, msichana wa ndege," akanisalimu kwa Kimaasai. Ndivyo alivyoniita siku zote.

"Ipa, mzee. Pole sana."

"Hawa hawakuenda. Nirudishie pesa."

"Pesa ya safari hairudi, mzee. Nilikuambia hiyo ni ya bei ya chini."

"Hiyo uliniambia. Nilisikia." Akaweka kidole juu ya visanduku vya kodi. "Mtoto wangu amenisomea hii. Amesema hii ni ya serikali. Serikali iko na deni gani na mtu hakupanda?"

"Hiyo kodi inarudi," nikasema. "Lakini ofisi itakata pesa ya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kurudisha."

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wanne, na mmoja alikuwa anagongagonga funguo kwenye kaunta.

"Ukiuza ulikata ya kazi?"

"Ndiyo."

"Na ukirudisha unakata tena."

"Ndio utaratibu, mzee."

Nieleze hapa hiyo kodi ni kitu gani, maana hata wenzangu pale ofisini hawakujisumbua kufikiria. Unaponunua tiketi unalipa nauli, na juu yake unalipa kodi ya uwanja unaoondokea na ya uwanja unaoshukia. Kampuni ya ndege inazishika kodi hizo kwa niaba ya serikali, kisha inazilipa abiria anapopanda. Asipopanda, serikali haidai kitu. Basi zile pesa si za serikali na si za kampuni. Ni za abiria, zimelala tu mahali ambapo hawezi kuzifikia. Na akiziomba, aliyezishika anamtoza kwa kuzishika vizuri.

Sisemi hakukuwa na kazi. Nilijaza fomu, nikabandika kuponi za tiketi, nikaweka kwenye bahasha ya kampuni ya ndege, mtu wa hesabu huko mbali akatazama, hundi ikaandikwa. Mtu akifanya kazi alipwe, hilo sina ugomvi nalo. Lakini fomu ile ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na ile ada ilikula karibu kodi yote. Kwa tiketi mbili za mzee, kilichobaki kingemnunulia madebe mawili ya mahindi, na angengoja miezi kadhaa kukipata. Ada inayomeza kitu chenyewe unachorudishiwa ni ya kukufanya usirudi kuuliza. Tulijua hivyo. Kuna waliokuwa wakisikia kiasi kitakachobaki wanasema acheni tu, na wakiondoka tuliona kazi imepungua.

Na kulikuwa na barua. Nimezunguka mbali kabla ya kuifikia, kwa sababu hata sasa naona haya kuiandika. Abiria akifa kabla ya safari, ofisi yetu ingeweza kuiandikia kampuni ya ndege barua ya kuomba ada ile isamehewe, na kibali cha maziko kikiambatanishwa. Nilikuwa nimeona ikifanyika mara mbili. Ilihitaji sahihi ya meneja, na meneja alizichukia barua hizo kwa sababu kampuni za ndege zilimjibu kwa ukali. Wiki ile ile nilikuwa nataka kumpelekea ombi langu la mkopo wa kumalizia paa la jikoni na choo. Sikutaka kuingia ofisini mwake na karatasi mbili. Nikaingia na moja. Mkopo nikaupata, na mzee nikamjazia fomu ya kawaida.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani. Hakuingia. Aliketi juu ya mawe yaliyobaki ya ujenzi, nje ya waya, fimbo yake magotini, akaitazama nyumba. Mama alimpelekea chai. Nilipotoka kumsalimu aliniuliza swali moja tu.

"Kama mtu hajapanda, ndege inalipa serikali hiyo kodi?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hivyo iko wapi?"

"Iko kwa kampuni."

Akatikisa kichwa, akamaliza chai, akaenda zake. Nilidhani yamekwisha. Jumamosi nyingine akaja tena, akaketi pale pale, akauliza ni nani aliyeandika sheria ya kukata. Nikamwambia ni wakubwa, wako ng'ambo. Jumamosi ya tatu akauliza fomu ile ilinichukua muda gani. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayegomba unajua amefika wapi. Huyu alikuwa anakusanya majibu yangu moja moja na kwenda nayo ng'ambo ya korongo.

Mama alikuwa akinitetea. Ninamsikia mpaka leo, akimmiminia chai kwa kile Kiswahili chake: "Mzee, mtoto yangu hajui hii maneno. Yeye ni wa kutumwa tu. Ingekuwa iko njia, angekufanyia. Mimi namjua."

Nilikuwa dirishani, nimeshika pazia. Sikutoka.

Jumamosi ya nne aliniuliza: "Mtu akikufa, na mtu akichelewa tu, nyinyi mnakata sawa?"

Mama alikuwa amesimama kando yangu na birika.

"Sawa, mzee," nikasema. "Ni sawa kwa wote."

Baada ya siku ile hakuja tena, na nikaanza kumtamani aje. Badala yake walikuja ng'ombe wake waliobakia. Mwanawe mkubwa aliwapitisha katikati ya kiwanja changu, kati ya ukuta na choo, polepole, kana kwamba hapakuwa na nyumba pale. Waya ulikuwa umelazwa chini. Sikuuliza nani ameulaza. Wiki nyingine lilikuja gari jeupe, wakashuka wanaume wawili wenye viatu safi, wakahesabu hatua kutoka barabarani hadi ukutani kwetu, wakaandika, wakaondoka bila kutusalimu. Mama aliniuliza ni akina nani. Nilihisi ni wanunuzi wengine, lakini nikamwambia ni watu wa stima, wa nyaya za umeme.

Na huko chini, karibu na kanisa, mwalimu mmoja tuliyemjua alinyimwa idhini. Watoto wa aliyemuuzia walisimama mbele ya bodi wakasema hawakushirikishwa. Nilipita nikamkuta juu ya paa lake mwenyewe, mchana, akiyang'oa mabati. Mke wake alikuwa chini akiinyoosha misumari kwa jiwe na kuitia kwenye kopo. Walinisalimu vizuri. Mimi nikaharakisha hatua.

Mwezi wa sita tangu mkataba, tarehe ya bodi ilibandikwa. Mzee alituma neno kwa chifu kwamba atakuja. Hakusema atakuja kufanya nini. Mama alipiga pasi gauni lake la kanisa, akafunga kitambaa chake cheupe, tukaenda Kajiado asubuhi.

Watu walikuwa wengi uwanjani pa ofisi za serikali, wameketi kwenye viti vya mbao na juu ya nyasi, familia nzima nzima, akina mama wa Kimaasai na shanga zao, wanunuzi na mafaili yao ya plastiki. Ndani, afisa wa tarafa aliketi katikati ya wazee wa bodi. Walikuwa wakiita namba, watu wanaingia, wanaulizwa, wanatoka. Wengine walitoka wakicheka. Namba yetu ilipoitwa, mzee aliingia na wanawe wawili na yule binti ambaye angesafiri. Sisi tukasimama upande wa pili.

"Mama wa boma yuko wapi?" mzee mmoja wa bodi akauliza.

"Alikufa," akajibu mzee.

Waliwauliza watoto. Kila mmoja alisema atafuata neno la baba. Kisha wakamgeukia yeye.

"Mzee, umekubali kuuzia huyu msichana hii shamba?"

Alichukua muda kusimama vizuri. "Kabla sijasema, nataka kuuliza huyu msichana kitu mbili."

Afisa wa tarafa alisema bodi haikuwa baraza la kesi. Mzee akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Basi sijakubali," akasema, akachukua kofia yake.

Nilijisikia nikisema aachwe aulize. Sijui kama ulikuwa ujasiri. Nadhani nilikuwa naona mabati ya yule mwalimu.

Aliwaeleza wazee wa bodi mambo yale kwa maneno machache, kwa Kimaasai kisha kwa Kiswahili: ardhi aliuza kwa ajili gani, tiketi alinunua kwa nani, na kilichokatwa. Hakuongeza chumvi. Kisha akanigeukia.

"Hiyo pesa ya kazi ya ofisi, ya kurudisha kodi ya mtu hakupanda. Ni haki ama si haki? Usiniambie utaratibu."

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa sauti.

"Si haki," nikasema.

"Sawa. Mtoto wangu alienda kuuliza kwa ofisi ingine, huko Nairobi. Wakamwambia mtu akikufa kuna barua. Hiyo barua ulikuwa unajua?"

Mkono wa mama ulikuwa kwenye kiwiko changu, umenishika tangu tulipoingia. Ningeweza kusema sikujua. Wazee wa bodi wangeniamini, na mama angekuwa wa kwanza kuapa. Lakini uso wa mzee ulikuwa umetulia, na niliona kwamba jibu analo tayari, anangoja tu kuona nitatoa lipi.

"Nilijua," nikasema.

Mkono wa mama ukaniachia.

Mzee akawageukia wazee wa bodi. "Andikeni nimekubali. Nilitaka kujua nimeuzia mtu gani." Akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akakipangusa kwa shuka yake, akatoka na watoto wake. Nilimkimbilia nje, sijui nimwambie nini. Alikuwa anaongea na mtu mwingine kuhusu majani ya malisho kule Oltepesi, kama mvua ilikuwa imefika huko, na hakuangalia upande wangu.

Tulirudi nyumbani na mama. Alivua gauni la kanisa, akalikunja, akalitia kwenye mfuko, kisha akaanza kuyakunja mengine.

"Mwaitu," nikamwita, kama nilivyomwita kwa Kikamba tangu utotoni. "Tumepata shamba."

"Umepata," akasema. "Mimi kila Jumamosi nilikuwa naambia huyo mzee hujui. Nikimpea chai, nikimwambia hujui."

Alirudi Machakos kwa kaka yangu wiki ile ile. Nilimfuata mara nyingi, nikamwomba, nikamkumbusha kifua chake. Alinipokea vizuri, alinipikia, akanisindikiza hadi njiani. Hakulala tena katika nyumba ile.

Hati ya kumiliki ilipotoka, nilimpelekea ndani ya bahasha yake ya kahawia. Alikuwa ukumbini akichambua pojo kwenye ungo. Alipangusa mikono, akaitoa, akalisoma jina langu polepole, akairudisha ndani.

"Na pesa ya mzee?" akauliza. "Ile ya kodi. Ilikuja?"

Nikamwambia hundi ilikuja, nami mwenyewe nikaikabidhi kwa mwana mkubwa wa mzee.

"Ile imekatwa, ulimuongezea?"

Nilikuwa nalipwa mshahara kila mwezi. Nilikuwa nimenunua lango jipya la chuma, na pazia. Nikamwambia la, sikumwongezea. Wazo hilo halikuwa limenijia hata mara moja.